Maneno mageni kwenye usaili wa kiufundi: mtu kazi anaijua, jina ndilo linamwangusha

Mzizi_wa_Kodi

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni kwa wanaojiandaa na usaili wa kazi za kiufundi, na vilevile kwa wale wanaokaa upande wa pili wa meza. Kuna watu wazuri wanatoka kapa kwenye usaili, na si kwamba kazi imewashinda. Swali limekuja na jina wasilolijua. Msaili anaandika "hajui", kumbe kitu chenyewe mtu huyo anakifanya kila wiki.

Chukua idempotensi. Muulize mwombaji wa kazi za upande wa seva, "Idempotensi ni nini?" na wengi wataganda. Sasa muulize hivi: mteja amebonyeza "lipa", ombi limefika, pesa imekatwa, halafu mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Simu inatuma ombi tena. Utafanyaje asikatwe mara mbili?

Yule yule aliyeganda anafunguka. Simu itengeneze namba ya kipekee kabla ya jaribio la kwanza, na kila ikirudia itume namba hiyo hiyo. Seva iihifadhi kwenye jedwali lenye sharti la upekee. Ikija namba ambayo imeshashughulikiwa, seva isikate kitu, irudishe jibu lile lile la mwanzo. Hiyo ndiyo idempotensi: ukifanya jambo mara moja au mara tano, hali inayobaki ni ile ile.

Anayejua kwa undani ataonyesha na mitego miwili. Kwanza, kuandika ile namba na kuandika malipo kuwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, la sivyo seva ikizima katikati utabaki na namba bila malipo au malipo bila namba. Pili, programu ya simu ikitengeneza namba mpya kila inapojaribu tena, kinga yote imekufa, na kwenye majaribio ya kawaida hutaliona kosa hilo kwa sababu mtandao wa ofisini haukatiki.

Na kama msaili atavuta swali kuelekea HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti: kanuni zake zinataka aina za maombi GET, PUT na DELETE ziwe idempotenti, POST haina sharti hilo. Malipo kwa kawaida hutumwa kwa POST, ndiyo maana namba ile inahitajika.

Kwa ninavyoona, watu wanakwama kwa namna tatu. Kuna kitu unachokijua ila jina lake hulijui, kama hapo juu. Kuna jina moja linalobeba vitu viwili, ukajibu cha pili wakati umeulizwa cha kwanza. Na kuna kitu kimoja chenye majina matatu, wewe unalo moja tu. Namna ya pili ndiyo mbaya kuliko zote, maana unajibu kwa kujiamini kabisa huku unapotea.

Karibuni tuchangie. Naomba tuweke mambo yenye mfano, si nasaha za "jiamini".

---

Binti_Takwimu

Mkuu Mzizi, umeanzia pazuri. Hiyo namna ya pili na ya tatu zimejaa kwenye kazi za data.

Neno regresheni. Kwa mtu wa takwimu ni kukadiria kiasi fulani kutokana na vigezo vingine. Kwa mtu wa kupima programu ni kitu kilichokuwa kinafanya kazi kikaharibika baada ya mabadiliko. Nomalaizesheni: kwenye hifadhidata ni kugawa majedwali ili taarifa moja isiandikwe mahali pengi, kwenye kufundisha modeli ni kuleta namba kwenye kipimo kimoja, mathalani kati ya 0 na 1. Keneli ni kiini cha mfumo endeshi, na pia ni kijimatriki, mathalani cha 3 kwa 3, kinachopitishwa juu ya picha. Kampuni ikikuita kwa kazi inayogusa pande zote mbili, usijibu mpaka ujue uko upande gani.

Halafu majina matatu ya kitu kimoja: rikoli, sensitiviti, na kiwango cha chanya za kweli. Fomula ni moja. Aliyetokea kwenye afya anasema sensitiviti, aliyetokea kwenye kompyuta anasema rikoli, na wanaweza kukaa meza moja wakadhani wanatofautiana.

Dawa yake ni kubeba mfano mmoja wa namba kichwani, utakaousema hata kama jina limekupotea. Huu unatosha: watu 1,000, wagonjwa ni 10. Modeli imewakamata wagonjwa 8, na imewasingizia wazima 20.

Rikoli: kati ya wagonjwa 10 imepata 8, yaani asilimia 80.
Presisheni: kati ya 28 iliowanyooshea kidole, wagonjwa kweli ni 8, yaani kama asilimia 29.
Usahihi wa jumla: 8 waliokamatwa vizuri na wazima 970 walioachwa vizuri, jumla 978 kati ya 1,000, asilimia 97.8.

Hapo hapo ongeza kwamba modeli inayosema "hakuna mgonjwa hata mmoja" ingepata usahihi wa asilimia 99 bila kumsaidia mtu yeyote. Ukiyasema hayo kwa utulivu, msaili atakupa jina mwenyewe na mtaendelea. Ila ukianza na fomula uliyokariri ukachanganya kipi kinakaa chini ya mstari, kujinasua ni kazi.

---

Mgeni_wa_Lupu

Shukrani wakuu, nasoma kwa makini. Naomba kuuliza: neno likinipiga chenga pale pale mbele ya wasaili, nitamke nini hasa? "Sijui" naona kama ni kujifungia mlango mwenyewe, na kukaa kimya nako ni vibaya.

---

Msaili_Mkongwe

Ndugu Mgeni, "sijui" haikufungii mlango. Kinachofunga ni kubabaisha. Maswali ya kiufundi huja mawili mawili: la kwanza linagusa jina, la pili linaingia ndani. Ukizuga la kwanza, la pili litakuumbua, na msaili atakuwa ameandika mambo mawili badala ya moja: kwamba hukujua, na kwamba ulificha. Hilo la pili ndilo linalomtisha, kwa sababu mtu wa aina hiyo atafanya vivyo hivyo siku mfumo umelala.

Sentensi za kutumia ni hizi, chagua kulingana na hali.

Kama unahisi maana: "Neno hilo silitumii sana. Je, ni pale darasa linapopewa vitu linavyovihitaji kutoka nje, badala ya kuviunda lenyewe ndani?" Hapo umeulizwa dependensi injeksheni. Dhana yako umeitoa kama swali, kwa hiyo kama umekosea unasahihishwa ndani ya nusu dakika, si baada ya kuchora ubao mzima.

Kama huna hata harufu ya maana: "Jina hilo ni geni kwangu. Naomba mfano wa tatizo ambalo kitu hicho kinatatua." Angalia, usiombe tafsiri ya neno. Ukiomba tafsiri utapewa sentensi iliyojaa majina mengine matano. Ukiomba tatizo, utapewa hali halisi, na hali halisi ndiyo unayoiweza.

Ukishapewa tatizo, lijibu kama tatizo, kisha rudi useme: "Kwa hiyo jina lake ndilo hilo, mimi nilikuwa naliita kuunda vitu juu kabisa na kuvipitisha chini." Umeonyesha kwamba unajifunza hapo hapo.

Lisilofaa ni kubashiri kutokana na umbo la neno. Mtu anasikia "shading" (kwa Kiingereza sharding) anadhani ni kuweka nakala nyingi za data, kwa sababu neno limekaa kama kugawa kwa watu wengi. Shading ni kuigawa data vipande, kila seva na kipande chake. Kuweka nakala ile ile kwenye seva kadhaa ni replikesheni. Shading inaongeza nafasi na uwezo wa kuandika. Replikesheni inakulinda seva moja ikifa na inaongeza uwezo wa kusoma. Ukibashiri vibaya, mchoro mzima unaofuata unatatua tatizo ambalo hukuulizwa.

---

Fundi_Seva

Msaili kamaliza. Mimi naleta mfano mkali wa jina moja vitu viwili, maana huu unawanasa hata wazoefu: herufi C.

Ukiulizwa "konsistensi" kwenye mazungumzo ya miamala, hiyo ni C ya ACID, kifupisho cha sifa nne za muamala kilichowekwa na Theo Härder na Andreas Reuter mwaka 1983. Maana yake: muamala unaitoa hifadhidata kwenye hali halali na kuifikisha kwenye hali nyingine halali. Kama kuna sharti kwamba salio lisishuke chini ya sifuri, hakuna muamala utakaokamilika huku umelivunja.

Ukiulizwa neno hilo hilo kwenye mifumo iliyosambaa, hiyo ni C ya CAP, hoja iliyotolewa na Eric Brewer mwaka 2000, kisha Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha mwaka 2002. Hapa maana ni nyingine kabisa: ukishaandika thamani mpya na kujibiwa kwamba imeandikwa, yeyote atakayesoma baada ya hapo, kwenye seva yoyote, aione thamani hiyo au iliyo mpya zaidi. Habari za masharti ya salio hazimo.

Msailiwa anaulizwa "mfumo wako unadhaminije konsistensi?" anaanza kueleza funguo za kigeni na masharti ya jedwali, kumbe msaili anataka kujua nini kinatokea seva mbili zikipoteza mawasiliano. Kila alichosema ni kweli, na alama ni sifuri. Sentensi moja ingemwokoa: "Unamaanisha masharti ya data ndani ya muamala, au seva zote kuonyesha thamani moja?"

Mfano mwingine wa haraka ni hipu. Hipu ya kumbukumbu ni eneo ambalo programu inaomba nafasi wakati inaendelea kukimbia. Hipu ya miundo ya data ni mti ambao mzazi daima hawazidi wanawe, au daima wanawe hawamzidi, na unautumia kwa foleni ya vipaumbele. Hazina undugu wowote zaidi ya jina.

---

Kitasa

Wakuu, mimi nitapingana nanyi kidogo, na nina sababu.

Mnaongea kana kwamba jina ni nguo tu ya kitu. Kwenye usalama wa mifumo, kuchanganya majina mara nyingi ndiyo dalili kwamba kitu chenyewe hakijaeleweka. Mtu akisema "nywila tunazilinda kwa base64", huyo hajakosea jina. Base64 ni namna ya kuandika data kwa herufi, haina ufunguo, yeyote anairudisha kwa amri moja. Usimbaji fiche una ufunguo na unarudishika kwa mwenye ufunguo. Heshi haikusudiwi kurudishwa kabisa, na kwa nywila unatumia iliyotengenezwa iwe nzito makusudi, kama bcrypt au Argon2, pamoja na chumvi (data ya nasibu inayoongezwa kwenye nywila) tofauti kwa kila mtumiaji ili nywila mbili zinazofanana zisitoe matokeo yanayofanana. Hayo ni mambo matatu, na anayeyaita yote "kuficha" ataniachia hifadhidata wazi.

Vivyo hivyo namba za majibu ya HTTP, 401 na 403. 401 ni "sijakutambua, jitambulishe". 403 ni "nimekutambua, ila huruhusiwi". Anayezichanganya atamrudisha mtumiaji kwenye ukurasa wa kuingia mara kwa mara bila mwisho, kwa sababu programu itadhani kikao kimekwisha wakati tatizo ni ruhusa.

Na usisahau kazi yenyewe. Mfumo umelala, watu sita wako kwenye simu, mmoja anasema "fanya rolbaki" na mwingine "hapana, failova kwanza". Hakuna muda wa kueleza. Rolbaki ni kurudi kwenye toleo la programu lililopita, failova ni kuhamishia kazi kwenye seva ya akiba. Ukitenda moja ukidhani ni nyingine, umeongeza balaa.

---

Mzizi_wa_Kodi

Kitasa, nakubali sehemu kubwa, na mfano wa nywila hauna ubishi. Lakini angalia ulivyoutambua udhaifu wa mtu huyo: ulimsikia akieleza anachofanya. Kama ungemuuliza tu "tofauti ya heshi na usimbaji fiche ni nini?", aliyekariri angepita, na kesho angeweka base64 vilevile.

Kwa hiyo jina liulizwe, lakini lije baada ya hali. Muulize atahifadhije nywila, msikilize, kisha uliza "hatua hiyo inaitwaje, na kwa nini si usimbaji fiche?" Akikosa jina ila sababu ni sahihi, hilo ni pengo la wiki ya kwanza kazini. Akiwa na jina na sababu hana, hilo ni pengo la miezi.

Kwa nafasi za juu naungana nawe. Mtu atakayeongoza wengine kwenye dharura aje na majina yake kamili.

---

Kitasa

Hapo tumekutana. Jina baada ya hali, sina neno.

---

Nyaya_Tatu

Uzi umekaa kwa watu wa programu, ngoja niulete kwenye umeme, maana huko jina likikosewa mtu anaungua.

Vitabu vya Uingereza na vya Marekani vinaita vitu vilevile kwa majina tofauti, na ubaya ni kwamba wakati mwingine na namba hubadilika. Waya wa kinga kwa Waingereza ni "earth", kwa Wamarekani "ground". Hilo ni jepesi. Sasa njoo kwenye kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Uingereza wanakiita RCD, na cha kulinda mwili wa mtu hupangwa kukata kwenye miliampia 30. Marekani wanakiita GFCI, na cha kulinda watu hukata kati ya miliampia 4 na 6. Ukiulizwa "kinakata kwa kiasi gani?" ukajibu "30" kwa msaili aliyesomea vitabu vya Marekani, ataona umekosea mara tano au zaidi. Jibu salama ni namba pamoja na mfumo wake: "RCD, 30. Kama unamaanisha GFCI, ni kama 5."

Kipimo cha nyaya ni hivyo hivyo. Kwa milimita za mraba, namba ikipanda waya unanenepa. Kwa AWG ya Marekani, namba ikipanda waya unakonda. AWG 12 ni takribani milimita za mraba 3.3, AWG 14 ni takribani 2.1, kwa hiyo ile 2.5 inayojulikana sana inakaa katikati, haina ndugu kamili upande wa pili. Anayebadilisha kwa kukadiria ashuke kwenye uwezo wa waya mwembamba, kamwe asipande.

---

Sauti_na_Herufi

Kuna kikwazo ambacho hakijaguswa: mtu amejifunza kwa kusoma peke yake, kwa hiyo maneno anayajua kwa macho tu, masikio yake hayajawahi kuyasikia. Kwenye usaili wa simu hali inakuwa mbaya zaidi.

NGINX, programu ya seva ya wavuti, husomwa "enjini eksi". SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kuna wanaoisoma "sikweli" na wanaotaja herufi moja moja, wote wako sawa. Kashe, ile kumbukumbu ya haraka, inatamkwa karibu sawa na neno la pesa taslimu, na msailiwa anaweza kudhani mazungumzo yamehamia kwenye malipo. Sikiliza wataalamu wakizungumza, kwenye video au sauti tupu, angalau kwa zile teknolojia zilizo kwenye tangazo la kazi. Msamiati ule ule unausoma, sasa usikie.

Vifupisho vyenye namba navyo vinatisha bure. k8s ni Kubernetes: herufi ya kwanza, herufi ya mwisho, na 8 ni idadi ya herufi zilizorukwa katikati. i18n ni kazi ya kuandaa programu iweze kutumika kwa lugha na nchi nyingi, herufi 18 zimerukwa. a11y ni ufikivu kwa watu wenye ulemavu, zimerukwa 11. Ukijua mtindo huo, hata kifupisho kipya unaweza kukifumbua ukikiona kwenye tangazo.

---

Msaili_Mkongwe

Narudi na upande wa wasaili, maana lawama nyingi ni zetu. Swali baya linaweza kutengenezwa bila kulipunguza uzito.

Swali baya: "Taja viwango vya isolesheni." Ni viwango vya kutenganisha miamala inayokwenda kwa wakati mmoja; kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kimevitaja vinne, na mtu anaweza kuvikariri usiku mmoja.

Swali zuri: "Kimebaki kiti kimoja. Watu wawili wamebonyeza 'nunua' kwa wakati mmoja. Kodi (msimbo wa programu) inasoma idadi, inaona 1, inatoa moja, inaandika 0. Nini kitatokea, na utazuiaje?"

Mwenye uzoefu atasema wote wawili wamesoma 1, wote wameandika 0, na kiti kimoja kimeuzwa mara mbili. Kisha atatoa dawa walau moja. Punguza kwa amri moja yenye sharti, UPDATE inayosema "punguza moja endapo viti ni zaidi ya 0", halafu angalia ni safu ngapi za jedwali zimeguswa: ikiwa sifuri, mwambie mteja viti vimekwisha. Au funga safu unaposoma, kwa SELECT ... FOR UPDATE, yule wa pili asubiri. Au weka safuwima ya toleo, uandike tu kama toleo halijabadilika tangu uliposoma.

Sasa ndipo uingize jina: "Je, kupandisha kiwango cha isolesheni kungesaidia?" Na hapa patamu. Chukua programu mbili za hifadhidata: PostgreSQL isipoguswa hukaa kwenye kiwango cha READ COMMITTED, MySQL kwa InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data) hukaa kwenye REPEATABLE READ. Ukiipandisha PostgreSQL ifike REPEATABLE READ, yule wa pili anapoandika anakataliwa kwa kosa, na kodi yako lazima iwe tayari kuanza muamala upya. Kwenye InnoDB jina ni lile lile, lakini kodi hiyo ya "soma, toa, andika" inaweza kupita bila kosa lolote na kiti kikauzwa mara mbili. Aliyekariri majina manne hawezi kukupa hilo. Aliyewahi kulikuta atakupa, hata kama jina la kiwango limemtoka.

Kwenye karatasi ya alama tenganisheni mistari miwili: "anaelewa tatizo na dawa" na "anajua jina". Wa kwanza uwe na uzito mkubwa. Na kila kifupisho kwenye karatasi ya maswali kiwe na maelezo yake ya sentensi moja chini, ili msaili yeyote akiombwa ufafanuzi awe na jibu lile lile kwa wasailiwa wote. Vifupisho vya ndani ya kampuni viondoeni kabisa. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuvijua.

---

Mgeni_wa_Lupu

Asanteni sana. Na maandalizi je? Tangazo moja lina maneno kama thelathini, siwezi kuyameza yote.

---

Mzizi_wa_Kodi

Usiyameze yote. Chukua tangazo, toa kila neno la kiufundi, yapange mafungu matatu: unayotumia, unayoyasikia, usiyoyajua. Yale yanayotajwa mara mbili au yaliyo kwenye sentensi za "lazima" yanakwenda mbele.

Kwa kila neno la mbele andika mambo manne: linatatua tatizo gani, linafanyaje kazi kwa sentensi mbili, linaharibikaje, na jina lingine linaloitwa. Kipengele cha tatu ndicho watu hukiruka, na ndicho msaili anachokitafuta.

Mfano, "N+1". Tatizo: ukurasa unaonyesha oda 100 na jina la mteja wa kila oda. Kodi inatuma kweri (ombi kwa hifadhidata) 1 kuleta oda, kisha kweri 1 kwa kila oda kumleta mteja: jumla 101. Kila kweri ikichukua milisekunde 2, ni milisekunde 202. Ukileta wateja wote kwa kweri moja ya pili, ni kama 4. Inavyojificha: kwenye kompyuta ya developa kuna oda tano za majaribio, hakuna anayehisi kitu, na kitanzi chenyewe hakionekani kwa sababu maktaba ya hifadhidata inatuma kweri kimyakimya unapogusa sehemu ya mteja. Inavyogunduliwa: washa kumbukumbu za kweri, utaona sentensi ile ile imejirudia, namba tu ndiyo inabadilika.

Kisha sema kwa sauti, dakika moja kwa neno, bila kusoma. Ukikwama, hapo ndipo ulipokuwa unalijua kwa macho tu.

Kitu cha nne, majina mengine, ni muhimu sana kwa huduma za wingu. Hifadhi ya mafaili kwa Amazon ni S3, kwa Microsoft ni Blob Storage, kwa Google ni Cloud Storage. Mashine za kukodi ni EC2, Virtual Machines na Compute Engine. Ukiwa umetumia moja, sema umetumia moja, na taja unajua ndugu yake anaitwaje.

---

Binti_Takwimu

Naongezea moja kwa Mgeni. Simu ya kwanza mara nyingi hupigwa na afisa ajira, si mtaalamu. Ana orodha ya maneno mbele yake na anaweka alama. Tangazo likisema CI/CD na wewe ukasema "tulikuwa na Jenkins inayopima na kusambaza kodi yenyewe", anaweza asiweke alama ingawa umeeleza kitu kile kile. Kwake tumia neno la tangazo kama lilivyoandikwa, kisha kifaa: "CI/CD, tulitumia Jenkins". Kwa mtaalamu geuza: kitu kwanza, jina baadaye.

---

Fundi_Seva

Na yapo maneno yenye namba ndani yake, hayo zijue namba. "Tisa tatu", yaani asilimia 99.9 ya upatikanaji, inaruhusu mfumo kulala takribani saa 8 na dakika 46 kwa mwaka. Tisa nne ni kama dakika 53. Tisa tano ni dakika 5 na ushee. Hapo binadamu wa kuamshwa usiku hawahi, lazima mfumo ujihamishe wenyewe.

p99 ya sekunde 1 maana yake maombi 99 kati ya 100 yanajibiwa ndani ya sekunde hiyo. Inasikika vizuri. Lakini ukurasa ukiita huduma 100 kwa pamoja, kila moja ina p99 hiyo na hazitegemeani, uwezekano kwamba walau moja itachelewa ni 1 kutoa 0.99 kwa kipeo cha 100, kama asilimia 63. Ukiulizwa kwa nini wastani hautoshi, anzia hapo.

---

Mgeni_wa_Lupu

La mwisho wakuu. Nikigundua katikati kwamba nimejibu maana nyingine, tuseme hipu ya kumbukumbu wakati wanataka ile ya foleni, niendelee au nikate?

---

Msaili_Mkongwe

Kata papo hapo, hata kama umebakiza sentensi mbili. Sema: "Nimeeleza hipu ya kumbukumbu, naona swali ni la muundo wa data. Naanza upya." Usieleze ilikuwaje ukachanganya, dakika zinakwisha. Ingia moja kwa moja: mti ndani ya safu (orodha ya nafasi zenye namba), ukihesabu kuanzia 0, wana wa nafasi i wako 2i+1 na 2i+2, kuona kilicho juu ni hatua moja, kuingiza na kutoa ni kwa kiwango cha logi ya n, hivyo kwa vitu milioni moja kimo cha mti ni ngazi kama 20. Kisha taja matumizi: kupata vikubwa 10 kati ya milioni bila kupanga vyote. Unashikilia hipu ya vitu 10 yenye kidogo zaidi juu, kila kipya kikizidi hicho cha juu unakitoa cha juu na kuingiza kipya. Hapo angalia sura za wasaili: kama bado wanasubiri kitu, uliza wanataka kodi au maelezo.